Kabla ya saruji kumwagwa Sigowet, wachuuzi waulizwe

JIONI ya Juni 30, 2023, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Kericho. Liligonga matatu, bodaboda na wachuuzi waliokuwa wakiuza bidhaa zao kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 waliaga dunia.

Miongoni mwa waliofariki walikuwamo watu ambao hawakuwa safarini. Walikuwa kazini, wamepanga bidhaa zao hatua chache kutoka kwenye lami, kwa sababu hapo ndipo mteja hupatikana.

Baada ya mkasa huo, viongozi wa serikali ya kitaifa na wa kaunti walitangaza kwamba masoko ya kandokando mwa barabara kuu yahamishwe. Amri ya aina hiyo si ngeni nchini. Hutolewa kila damu inapomwagika, kisha baada ya majuma machache wachuuzi hurejea walikokuwa.

Swali ambalo halikuulizwa kwa uzito uliostahili ni hili: Kwa nini hurejea? Anayelitafutia jibu hana budi kuviangalia vituo vyote vya biashara katika ukanda wa majanichai wa Kericho na Bomet, kuanzia vile vilivyo kwenye barabara kuu kama Kapsoit na Litein, hadi vile vilivyo ndani zaidi kama Sosiot na Sigowet.

Sigowet haiko kwenye barabara ile ya mauti. Ni kituo cha wakulima wadogo katika eneobunge la Soin/Sigowet, ambalo lilibuniwa mipaka ilipochorwa upya mwaka wa 2012. Upande mmoja kuna nyanda za juu za majanichai. Upande wa pili ardhi inateremka kuelekea Soin na mashamba ya miwa, hadi mpakani na Kaunti ya Kisumu.

Lakini vituo vya aina hii vimerithi umbo moja: barabara moja, safu mbili za maduka, na mbele ya maduka hayo wachuuzi wa mboga, matunda na mitumba wakigombania nafasi na bodaboda na matatu. Mvua inaponyesha, na katika nyanda hizi hunyesha karibu mwaka mzima, mtaro usiozibuliwa humwaga maji na matope mbele ya meza ya mama mboga.

Vituo hivi havikupangwa na mtu yeyote. Vilikua kwa kufuata barabara, nayo barabara ilifuata zao la biashara. Pesa zake pia huja kwa misimu ya zao hilo. Mkulima anayeuza majani mabichi kupitia viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hupokea malipo kidogo kila mwezi, kisha husubiri bonasi ambayo aghalabu hulipwa mwezi wa Oktoba. Bonasi ikiwa nono, duka la mabati, la sare za shule na la simu huona faida. Bonasi ikipungua, kituo kizima hupiga miayo.

Isitoshe, idadi ya wanaotegemea kando ya barabara inazidi kuongezeka. Mnamo Mei 2023, waandamanaji huko Kericho walichoma mashine za kuchuma majanichai katika shamba la kampuni kubwa, wakilalamika kwamba zinawanyang'anya vibarua riziki yao. Kijana aliyekosa kazi ya kuchuma chai hana njia nyingi. Atanunua pikipiki kwa mkopo, au atatandika gunia la viazi penye nafasi.

Ndiyo maana suala la kuviboresha vituo hivi halihusu urembo wa mji pekee. Linahusu maisha ya watu ambao uchumi wa shamba hauwatoshi tena.

Historia ya ahadi

Haitakuwa haki kusema kwamba serikali hazijawahi kujaribu. Zimejaribu mara nyingi, na kila jaribio limeacha funzo.

Kabla ya 2013, vituo vya mashambani vilikuwa chini ya mabaraza ya miji na ya wilaya. Mabaraza hayo yalitoza ushuru wa soko kila siku, na kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 yalitakiwa kuwauliza wakazi wanataka miradi gani kabla ya kutumia fedha zilizotoka serikali kuu. Mwaka wa 2003 ikaja hazina ya maeneobunge, CDF, nayo kamati zake zikapewa jukumu la kuchagua miradi.

Kisha katika mwaka wa kifedha wa 2009/2010, serikali ya muungano ilianzisha mpango wa kufufua uchumi uliotengewa Sh22 bilioni. Kila mojawapo ya maeneobunge 210 ya wakati huo liliahidiwa miradi kadhaa, yakiwemo masoko ya mazao mabichi na vibanda vya juakali.

Matokeo yanajulikana na kila msomaji aliyewahi kupita karibu na majengo hayo. Baadhi yalikwama yakiwa na nguzo bila paa. Mengine yalikamilika, yakafunguliwa kwa mbwembwe, kisha yakageuka malazi ya mbuzi huku wachuuzi wakiendelea kuuza barabarani.

Sababu hazikuwa fumbo. Soko lilijengwa palipopatikana ardhi ya umma, mbali na kituo cha matatu. Mteja anayeshuka kwenye matatu saa kumi na mbili jioni hatatembea nusu kilomita gizani kutafuta sukumawiki anayoweza kuipata anaposhukia. Mchuuzi analijua hilo; mchoraji ramani hakulijua, na hakuuliza. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mamlaka lakini haikubadilisha mazoea. Ratiba ya Nne ya katiba hiyo inazikabidhi kaunti masoko, leseni za biashara, barabara za kaunti, taa za barabarani na mipango ya ardhi. Hivyo basi, karibu kila kitu ambacho kituo kama Sigowet kinahitaji ki mikononi mwa serikali ya kaunti.

Ila pana mwanya. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, iliyofanyiwa marekebisho 2019, inapanga makazi kwa idadi ya watu: angalau 50,000 ili kuwa manispaa, 10,000 ili kuwa mji, na 2,000 ili kuwa kituo cha soko. Manispaa huwa na bodi, meneja na mpango wake. Kituo kidogo cha soko hakina bodi ya kukisemea.

Tofauti hiyo ina bei. Benki ya Dunia ilipofadhili mpango wa kuimarisha miji ya Kenya kwa dola milioni 300 kuanzia 2017, miji 59 ilinufaika, ukiwemo mji wa Kericho. Vituo vidogo vilivyotawanyika mashambani havikuwa kwenye orodha. Huhesabiwa kuwa mashamba fedha za miji zinapogawanywa, na kuhesabiwa kuwa miji ushuru unapokusanywa.

Serikali ya Rais William Ruto, iliyoingia madarakani Septemba 2022, nayo imejifunga kujenga masoko ya kisasa katika maeneo mengi nchini. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini iwapo yatajengwa kwa utaratibu ule ule wa 2009, ni vigumu kuona yatakavyoepuka hatima ile ile.

Waliofanya wenyewe

Je, kuna njia nyingine? Ipo, na mifano yake haiko mbali.

Soko la Toi, ukingoni mwa mtaa wa Kibera jijini Nairobi, liliharibiwa mapema 2008 katika ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007. Wachuuzi wake tayari walikuwa na chama cha kuweka akiba, ambamo kila mmoja alitoa kiasi kidogo kwa siku. Chama hicho ndicho kilichowaunganisha baada ya moshi kutulia.

Walihesabiana, wakakubaliana ukubwa wa vibanda na upana wa njia za kupita kati yake, kisha wakajenga upya. Maana ya jambo hilo si ndogo. Kupanua njia ni kupunguza kibanda cha mtu, na hakuna askari wa jiji anayeweza kumshawishi mchuuzi akubali kupunguziwa kibanda kwa hiari. Wenzake waliweza, kwa kuwa nao walipunguza vyao.

Mfano wa pili ni Mukuru, pia jijini Nairobi. Mnamo 2017 kaunti ililitangaza eneo hilo, lenye zaidi ya familia 100,000, kuwa eneo maalumu la mipango. Wakazi walikusanywa katika makundi madogo madogo ya nyumba jirani, wakachagua wawakilishi, na mawazo yao yakapanda ngazi hadi kwa wataalamu wa barabara, maji na afya. Sehemu ya barabara zilizopangwa zilianza kujengwa kuanzia 2020.

Nje ya mipaka yetu, mji wa Durban nchini Afrika Kusini una eneo la Warwick Junction, makutano ya barabara, reli na vituo vya mabasi yenye maelfu ya wachuuzi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, baraza la mji liliweka maafisa wake ndani ya eneo lenyewe badala ya kuwaagiza kutoka makao makuu. Walizungumza na wachuuzi kundi kwa kundi: wauza dawa za miti shamba kivyao, wapika mahindi kivyao. Wauza dawa, waliokuwa wakilala na bidhaa zao barabarani, walijengewa soko lao.

Yaliyofuata Durban yana funzo zaidi. Mwaka wa 2009, kabla ya fainali za Kombe la Dunia, baraza lile lile lilitaka kubomoa soko la zamani la alfajiri ili pajengwe jumba la kisasa la maduka. Wachuuzi walipinga barabarani na mahakamani, na mpango huo ukaachwa. Waliokuwa wamezoea kuketi kwenye meza ya mazungumzo hawakuwa wepesi kuondolewa.

Mifano hii mitatu inaafikiana katika jambo moja. Mpangilio wa nafasi ulijadiliwa na wanaoitumia kabla ya jengo lolote kuchorwa.

Nani ni "jamii"?

Hata hivyo, neno "jamii" lina mitego yake, na mwandishi anayelitumia bila tahadhari huwapotosha wasomaji wake.

Katika kituo cha biashara kuna angalau makundi manne ambayo maslahi yao hukinzana. Kuna wenye ploti, ambao wengi wao hawana hatimiliki ila vyeti walivyopewa na mabaraza ya zamani. Kuna wapangaji wa maduka. Kuna wachuuzi, wengi wao wanawake, wasio na hati yoyote. Tena kuna wahudumu wa bodaboda na matatu.

Mtaro ukichimbwa, taa za mulika mwizi zikiwekwa na barabara ikitiwa lami, thamani ya ploti hupanda. Mwenye ploti hupandisha kodi. Mpangaji aliyeshiriki mikutano yote ya kutafuta maendeleo hayo hujikuta hawezi tena kumudu duka lake. Kamati iliyojaa wenye ploti pekee haiwezi kuliona hilo kuwa tatizo.

Vilevile, mgao wa vibanda vipya umekuwa mwanya wa ulaji kila mahali. Jina la mchuuzi halisi hukosekana kwenye orodha, huku mtu mmoja mwenye jamaa ofisini akipata vibanda vitano na kuvikodisha. Chama cha wachuuzi nacho si malaika. Mwenyekiti aliyekaa miaka kumi bila uchaguzi anaweza kuwa mla rushwa sawa na afisa yeyote. Soko la Toi lenyewe limeteketea zaidi ya mara moja tangu lijengwe upya, ishara kwamba umoja wa wachuuzi hauwezi kufanya kazi ya wazimamoto, maji na njia ya kupitishia gari la kuzimia moto.

Katika Sigowet kuna jambo jingine la kuzingatiwa. Jirani yake ni Sondu, soko lililo mpakani mwa kaunti za Kericho na Kisumu, ambako Wakipsigis na Wajaluo wameuziana mifugo, nafaka na matunda kwa vizazi. Soko hilo limekumbwa na mapigano ya kijamii mara kadhaa, yakiwemo ya 2023, yaliyoleta vifo na uharibifu wa mali.

Mwenye ng'ombe na mnunuzi wake hawana ugomvi. Ugomvi huzuka panapotiliwa shaka nani ana haki ya kukusanya ushuru, mpaka uko wapi, na nani ni mgeni. Mpango wowote wa kuuboresha mkondo huu wa biashara, kutoka nyanda za juu hadi mpakani, utakaotungwa na upande mmoja pekee, utakuwa unapalilia mzozo ujao. Kamati ya wachuuzi inapaswa kuhesabu wanaouza, si wanaozaliwa hapo.

Pa kuanzia

Basi ni nini kinachoweza kufanywa bila kusubiri mfadhili?

Kwanza ni hesabu. Hakuna mpango unaoweza kuwa wa haki iwapo haijulikani ni wachuuzi wangapi, wanauza nini, siku gani na wameketi wapi. Kazi hii haihitaji mtaalamu kutoka Nairobi. Inahitaji daftari, siku mbili za soko, na watu ambao wachuuzi wanawaamini. Orodha ikibandikwa hadharani, ni vigumu baadaye kuchomeka majina ya mashemeji.

Pili ni ramani ya nafasi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilibuni mamlaka za KeNHA, KURA na KeRRA, na hifadhi ya barabara ni mali ya umma inayolindwa. Wachuuzi wanapaswa kuonyeshwa kwa alama ardhini mpaka wa hifadhi hiyo ulipo, ili waelewe nafasi gani haijadiliwi na gani inajadiliwa. Leo hii wengi huujua mpaka huo siku tingatinga linapofika.

Tatu ni kuanza na vitu vidogo vinavyookoa maisha: kituo cha matatu kilichotengwa na lami, matuta ya kupunguza kasi, mtaro uliofunikwa, choo na taa. Kituo cha matatu kikisogezwa, soko litakifuata lenyewe. Serikali imekuwa ikijenga soko na kutumaini matatu zitalifuata, na kwa hakika mambo hayaendi hivyo.

Nne, na pengine la muhimu kuliko yote, ni fedha. Kila siku ya soko mchuuzi hulipa ada na kupewa risiti. Fedha hizo huingia katika hazina ya kaunti na hazionekani tena. Iwapo wachuuzi wataafikiana na kaunti kwamba sehemu maalumu ya makusanyo ya kituo itumike katika kituo kile kile, na hesabu zake kusomwa hadharani, hata ukusanyaji utaimarika. Mtu hulipa kwa moyo anapoona taa iliyowashwa kwa shilingi zake.

Sheria inaruhusu haya yote kudaiwa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kila kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, taarifa ya mwelekeo wa matumizi kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Katika kila hatua umma una haki ya kusikizwa. Mradi usiokuwa katika mpango wa Septemba ni vigumu kupata fedha Aprili.

Kwa bahati mbaya, wachuuzi wengi husikia kuhusu bajeti Juni, wakati gazeti linapochapisha kodi mpya. Mikutano ya ushirikishaji wa umma huandaliwa siku ya kazi, ukumbini, mbali na soko. Mama mboga hawezi kufunga biashara ya siku nzima ili asomewe kurasa mia mbili za makadirio.

Mahakama ya Juu ilikwisha kutoa mwongozo. Katika uamuzi wake wa Novemba 2019 katika kesi ya kampuni ya sigara ya BAT, ilisema ushirikishaji wa umma sharti uwe wa kweli na usiwe wa kutimiza desturi tu. Kaunti inayotaka kuuheshimu uamuzi huo ingepeleka mkutano sokoni siku ya soko, na kuuendesha kwa Kiswahili na Kikipsigis, huku ramani ikiwa imetandazwa mezani.

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo ya aina hii huchelewesha maendeleo. Hoja hiyo ina uzito kiasi. Kuwasikiza watu mia tatu huchukua muda kuliko kumsikiza mwanakandarasi mmoja. Lakini masoko ya 2009 yalijengwa kwa haraka, na zaidi ya mwongo mmoja baadaye mengine bado hayana mchuuzi hata mmoja. Hakuna ucheleweshaji mkubwa kuliko huo.

Wapo pia watakaosema serikali iwaondoe wachuuzi barabarani leo kwa nguvu, kwa ajili ya usalama wao. Hofu yao inaeleweka baada ya yale yaliyotokea Londiani. Ila mchuuzi anayefukuzwa bila kupewa mahali penye wateja huhamia mita mia mbili mbele, penye giza zaidi na kona kali zaidi.

Sigowet ina bahati moja ambayo makutano ya Londiani hayakuwa nayo. Bado ina muda. Magari yapitayo hapo si mengi wala mazito kama ya barabara kuu, na kituo hakijasongamana kiasi cha kutopangika. Barabara za mashambani zinazidi kutiwa lami, na lami huleta kasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Septemba 1 huja kila mwaka. Wachuuzi wa Sigowet wakiingia katika ofisi ya wadi kabla ya tarehe hiyo wakiwa na orodha ya majina, ramani ya nafasi na ombi la mambo matano, waliyoyaafikiana pamoja na wenye ploti, bodaboda na majirani wa upande wa pili wa mpaka, itakuwa vigumu kwa kaunti kudai kwamba haikujua pa kuanzia.